Singa, Makuti na Asumini

Dada yangu aliolewa Tanga mwezi wa Aprili 1984, siku ya Jumamosi, siku mbili baada ya Waziri Mkuu Edward Sokoine kufariki katika ajali ya gari karibu na Morogoro. Watu wa rika langu wakiisikia tarehe hiyo hawana haja ya kuelezwa zaidi. Watoto wetu ndio wanaouliza, kila wanapozishika zile picha chache zilizobaki: mapambo yale mliyatoa wapi, na madukani hamkuwa na kitu? Nimekuwa nikiwajibu vipande vipande kwa miaka mingi. Leo nataka kuyaeleza yote kwa pamoja, kwa sababu mafundi wa kazi ile karibu wote wametangulia mbele ya haki, na mimi nilikuwa binti wa kidato cha pili niliyeshika sindano, ndoo na mkasi kila nilipoambiwa shika.

Tulikaa Ngamiani, kwenye zile barabara zinazoitwa kwa namba. Nyumba yetu ilikuwa ya Kiswahili, vyumba huku na huku na ukumbi katikati, na uwani mpana wenye kisima na mwembe. Baba alikuwa karani bandarini. Mshahara wake ulikuwa unapatikana kila mwezi, lakini pesa siku zile haikuwa ndiyo shida kubwa. Shida ilikuwa kwamba hata ukiwa nayo hukuona cha kununua. Vita vya Uganda vya 1978 na 1979 vilikuwa vimekomba akiba ya taifa, mafuta yamepanda bei, na tangu Jumuiya ya Afrika Mashariki ivunjike mwaka 1977 mpaka wa Kenya ulikuwa umefungwa. Mwaka 1983 ukaja msako wa wahujumu uchumi na walanguzi, na hata kile kidogo kilichokuwa kikiuzwa kwa kificho kikapotea. Sukari, sabuni, mchele, mafuta ya kupikia, vyote vilitaka foleni na kibali, na balozi wa nyumba kumi ndiye aliyejua nani ana harusi na nani ana msiba. Kanga za kiwanda cha Urafiki zikiletwa mjini, habari ilienea mtaani kabla lori halijashusha mzigo.

Posa ilikuja katikati ya hali hiyo. Kijana alikuwa mwalimu wa shule ya msingi kutoka Pangani, watu wake waungwana, hawakutaka makubwa. Mama ndiye aliyekosa usingizi. Dada alikuwa binti wa kwanza kuolewa katika nyumba ile, na Mama aliolewa enzi ambazo duka la Mhindi liliuza kila kitu, kuanzia shanga hadi pazia la shashi. Aliogopa mwanawe atatolewa uwani kwenye ukuta mtupu uliobanduka lipu.

Bibi yangu, mama yake Mama, aliliamua jambo hilo jioni moja akiwa amekaa kwenye mkeka na shangazi zangu na majirani. Alisema, "Pambo halinunuliwi. Pambo tutalifanya sisi, na tunaanza kesho." Kisha akaanza kumpangia kila mtu kazi kwa kumtazama mikono yake. Huyu anajua kusuka, yule anajua kushona, yule hajui kitu lakini ana mtoto mwenye miguu myepesi. Mwenye miguu myepesi nilikuwa mimi.

Nianze na singa, yaani nyuzi za mkonge, kwa sababu ndizo zilizochukua muda mwingi na ndizo zilizoshangaza watu.

Tanga ni mji wa mkonge. Kila mtoto wa pale amefundishwa kwamba mmea ule uliletwa mwaka 1893 na Mjerumani, Richard Hindorf, aliyeagiza miche kutoka Florida, na kwamba iliyofika hai ilikuwa 62 tu, ikapandwa Kikogwe, upande wa Pangani. Kutokana na miche hiyo nchi ilifika mahali pa kuzalisha zaidi ya tani 200,000 mwaka 1964. Lakini sisi tulikua tukiuona mkonge ukifa. Kamba za plastiki ziliteka soko la dunia, mashamba yaliyotaifishwa yakakosa mitambo na watu, na mwaka ule wa harusi uzalishaji wote wa nchi haukufika tani 50,000. Jirani yetu mmoja, tuliyemwita Mzee wa Njombe, alikuja Tanga akiwa kijana kwa kazi ya manamba, akakata mkonge, akapanda hadi kufanya kazi kwenye korona, ile mashine inayosaga jani na kuacha nyuzi. Siku hizo korona yao ilikuwa ikisimama muda mrefu kwa kukosa kipuri. Mzee alikuwa nyumbani, mikono haina kazi, na moyo unamuuma.

Bibi alimwendea mwenyewe. Hakumwomba msaada, alimwomba ujuzi. Alimwambia, "Baba, mimi mtu wa ukindu, singa sizijui. Nifundishe." Mzee wa Njombe akaomba shambani zile singa fupi zisizofaa kuingia kwenye robota, akaruhusiwa kuchukua, akaja nazo juu ya baiskeli mafungu kwa mafungu.

Singa mbichi ni ngumu na zinawasha. Tulizilaza usiku ndani ya pipa la maji, asubuhi tukazifua kwa maji ya majivu yaliyochujwa, kwa kuwa sabuni ilikuwa ya mwili na nguo tu. Tukazianika juani mpaka zikang'aa. Mzee akagongelea misumari kwenye kipande cha ubao, msumari kando ya msumari, na tukawa tunazipitisha hapo kama mtu anavyochana nywele za mtoto, polepole, kuanzia mwisho kwenda juu. Nyuzi fupi zilizobaki kwenye misumari hazikutupwa, tuliziweka za kujazia.

Rangi ilikuwa kazi ya Bibi. Rangi za unga za kutia ukindu zilikuwa zimeadimika, kilichobaki kilikuwa kijiko cha kijani ndani ya chupa. Njano ilitoka kwenye manjano ya kupikia. Nyekundu ya machungwa ilitoka kwenye mbegu za mzingefuri uliokuwa nyuma ya nyumba ya jirani. Tuliziloweka, tukazisugua viganjani, na hapo ndipo Bibi alipotuonyesha kwamba mzingefuri ukiutia ndani ya maji ya majivu unatoa rangi kali kuliko ukiutia ndani ya maji matupu. Vidole vyetu vilibaki vyekundu, na shuleni mwalimu aliniuliza kama nimepaka hina bila ruhusa. Nyeusi ilitoka kwenye mizizi ya mdaa, iliyochemshwa kutwa nzima mpaka maji yakawa mazito.

Kutengeneza kishada chenyewe ni jambo dogo mikononi mwa anayejua. Unachukua fungu la singa lenye unene wa kidole, unalikunja kati juu ya uzi, unafunga chini kidogo ya mkunjo ili kutokee kichwa, unakata ncha zote zilingane, kisha unachana tena. Kwa ua, unafunga katikati kabisa na kuzitandaza singa pande zote, halafu unaziminya kwa maji ya wanga wa muhogo zikae zilivyotandazwa. Mzee wa Njombe alivifanya vyake haraka, bila kuvitazama. Sisi tulijifunza kwa kufumua. Watoto wa mtaa mzima walikuja kuanzia saa za alasiri, wengine kwa kutamani uji tuliowapa, wengine kwa kupenda kazi. Mwishoni mwa mwezi tulikuwa na kamba ndefu za vishada, njano, nyekundu na nyeusi, za kuzungushia upenu wote wa uwani.

Pazia la nyuma ya kiti cha bibi harusi ndilo lililonifundisha adabu.

Ukuta ule uliobanduka ulitakiwa ufunikwe, na hakukuwa na kitambaa. Bibi akanituma nyumba hadi nyumba kuazima kanga. Si kanga yoyote: iwe mpya au safi, doti kamili, isiyokatwa. Nilipiga hodi, nikatoa shikamoo, nikasema nilivyofundishwa: "Bibi anakusalimu, anaomba kanga yako ikae harusini." Hakuna aliyekataa. Kumbuka kwamba miaka ile kanga mpya ilikuwa mali ya kufungiwa ndani ya kasha. Mama mmoja alitoa doti aliyoipangia foleni tangu usiku wa manane na hajaivaa hata mara moja.

Bibi alisoma herufi za Kiarabu tu, kwa hiyo mimi ndiye niliyemsomea maandishi ya kila kanga. Nilidhani anataka kujifurahisha. Kumbe alikuwa anachuja. Kanga nyingi zina maneno mazuri ya dua na upendo, lakini ziko zenye mafumbo, za kurushiana wake wenza na majirani wasioelewana. Nikisoma fumbo, Bibi ananyamaza, anaweka kanga ile upande wa kushoto. Akanieleza: mama mkwe wa dada yako atakaa mbele ya ukuta huu jioni nzima. Atayasoma maneno yote, na akikuta kijembe atajiuliza nani kamwandikia yeye.

Nikauliza kama zile za kushoto nizirudishe. Alinitazama kwa mshangao. Ukimrudishia mtu kanga yake umemwambia kwamba hakustahili, na yeye alitoa kwa moyo mweupe, pengine hata maandishi hakuyafikiria. Kwa hiyo zote zilitumika. Zile za mafumbo tulizikunja marinda kwa namna ambayo maandishi yalimezwa ndani ya mkunjo na rangi peke yake ikabaki nje. Katikati, nyuma ya mahali ambapo kichwa cha bibi harusi kingekuwa, tuliweka kisutu cha Bibi mwenyewe, chekundu, cheusi na cheupe, maana harusi ya pwani bila kisutu haijakamilika. Pembeni zikafuata nyekundu, kisha za machungwa, kisha njano, mpaka kwenye kona za kijani na bluu. Hatukutumia pini hata moja, kwa sababu pini za siku zile zilishika kutu na kuacha alama. Tulipiga bandi kwa uzi mrefu, mshono mpana, ili siku ya kufumua uzi utoke kwa kuvuta mara moja bila kuumiza nguo ya mtu.

Mpaka leo nikiona pambo lolote huwa najiuliza limemfikiria nani. Lile lilimfikiria mama mkwe, na likamfikiria jirani mwenye kanga ya fumbo, na wala mmoja wao hakujua.

Mambo mengine nitayapita haraka. Taa zilikuwa makopo ya maziwa. Fundi bati wa mtaani alituonyesha kujaza kopo mchanga wa maji ulioshindiliwa ndipo ulitoboe kwa msumari, lisibonyee, na tukatoboa nyota na miezi, tukaweka koroboi ndani. Shela ya Dada ilishonwa kutokana na chandarua cheupe kipya ambacho Baba alikuwa amekihifadhi kwa miaka. Kiliogeshwa maji ya wanga, kikapigwa pasi ya mkaa juu ya kanga yenye unyevu, kisha fundi cherehani akakikunja upindo mwembamba sana. Huwezi kujua ni chandarua mpaka uambiwe. Jukwaa lilikuwa makreti ya soda yaliyofunikwa mikeka.

Shangazi yetu wa Mombasa aliwasili wiki ya mwisho. Mpaka ulikuwa umefunguliwa tena Novemba 1983, akapita Lungalunga na Horohoro na mizigo yake: sabuni, uzi, sindano, leso za kina mama, na bunda la karatasi laini za rangi. Karatasi zile zilikuwa nzuri mno. Alitukatia vibendera, tukavigandisha kwenye kamba kwa uji wa muhogo, akataka vitundikwe barazani mbele ya nyumba, waonekane wanaopita. Bibi alimwambia kwa upole, "Mwenzangu, hii masika." Lakini alimwachia. Mgeni ametoka mbali na yeye ana haki ya kuweka mkono wake.

Lango la makuti lilijengwa na vijana waliozoea kujenga malango ya namna hiyo barabarani wakati wa Mwenge au wa ziara za viongozi. Makuti makubwa mawili kila upande, yamepasuliwa katikati ya upongoo ili yapinde bila kuvunjika, yakutane juu, majani yake yasukwe. Kwa ajili ya pambo la juu walihitaji kuti changa, lile la njano ambalo halijafunguka. Hilo hutolewa kwenye kilele cha mnazi, na ukizidisha unauua. Mkwezi alichukua moja kwa kila mnazi, na alikwea minazi mingi, kwa sababu kurudi mara ya pili kwenye mnazi uleule hakukubali. Majani yale ya njano, membamba na laini, yalikunjwa yakawa ndege, visahani na mawaridi, na aliyeyakunja alikuwa mzee wa miaka mingi ambaye hakuwa akiona vizuri. Vidole vilimtosha.

Alhamisi jioni, tarehe 12, tulikuwa uwani tunapiga bandi marinda ya mwisho. Redio ilikuwa dirishani. Matangazo ya kawaida yakakatizwa, kisha akasikika Mwalimu Nyerere mwenyewe, sauti yake nzito, akilitangazia taifa kwamba Sokoine amefariki. Sindano zilisimama. Mama alishika kichwa. Baba alitoka ukumbini bila viatu akasimama mlangoni. Mtaa wetu ulikuwa na watu waliompenda sana waziri yule, na ulikuwa pia na watu ambao msako wake wa walanguzi uliwagusa. Usiku ule sikuona tofauti. Watu walitoka majumbani wakakaa barazani bila kuzungumza.

Wazee walikutana nyumbani kwetu baada ya Isha. Mwenye harusi angefanya nini na nchi iko kwenye maombolezo? Watu wa Pangani walikuwa wameshajiandaa kusafiri, mchele wa kibali umeshatoka, mbuzi wamefungwa uani. Wakakubaliana nikaha isomwe kama ilivyopangwa, na sherehe ya kelele iondolewe. Tanga ni mji wa taarabu, mji wa Black Star na Lucky Star, na harusi isiyo na taarabu wala ngoma ilikuwa jambo zito kwa mama wa bibi harusi. Kikundi kilichokuwa kije kikaambiwa kipumzike. Vugo likafutwa. Kilichobaki kwenye harusi ya Dada kilikuwa nikaha, chakula, maulidi, na yale tuliyoyafanya kwa mikono.

Mama alilia jikoni. Nilimsikia Bibi akimwambia, "Mwanangu, ngoma tutaipiga siku nyingine. Kesho alasiri kuna asumini la kuchuma, nani anakwenda?"

Nilikwenda mimi na wenzangu. Asumini huchumwa alasiri likiwa bado limefumba, jeupe lenye wekundu kwa nje, na hulichumi kwa kuvuta, unalibana kwa kucha mbili likakatika lenyewe. Tuliyaweka ndani ya ungo juu ya kitambaa kilicholowa, tukayafunika kwa jani la mgomba. Kila nyumba yenye mti wa asumini ilitufungulia geti. Usiku, wanawake wakakaa duara chini ya taa za makopo kutunga. Sindano ipite kwenye shingo ya ua, chini ya petali, maana ukipita juu ua linachanika wakati wa kufunguka. Mashada marefu yalikuwa ya kitandani, mafupi ya nywele za bibi harusi. Kina mama wazima walitengeneza vikuba kwa mkadi, rehani, mlangilangi na asumini. Ilipokaribia saa sita maua yakaanza kufunguka mikononi mwetu huku tukitunga, na harufu ilijaa nyumba nzima. Hakuna aliyeimba. Walizungumza kwa sauti ya chini juu ya Sokoine, juu ya mkewe na watoto wake, na mazungumzo yalihama polepole yakafika kwenye harusi zao wenyewe, nani alilia, nani alikataa kula, nani alitolewa na shela ya kuazima. Nilijifunza habari nyingi zaidi za wanawake wa mtaa wetu usiku ule kuliko miaka yote iliyotangulia.

Alfajiri ya Jumamosi mvua ilinyesha. Vibendera vya karatasi vya Shangazi vilikwisha kabla hakujapambazuka, na rangi yake ikachuruzika kwenye ukuta uliopakwa chokaa upya. Shangazi alisimama akavitazama, kisha akachukua ufagio akafagia, na asubuhi hiyohiyo akajiunga na waliokuwa wanafunga vishada vilivyolowa. Singa hazidhuriki na maji. Tulizikung'uta, zikakauka kwa upepo, na rangi ilishika. Lango la makuti lilizidi kuwa zuri kwa mvua.

Wageni wa Pangani walifika wakiwa na matope miguuni. Mama mkwe alipita chini ya lango, akasimama, akanyoosha mkono kugusa ndege wa kuti. Alipoingia uwani alikaa mbele ya pazia la kanga na, kama Bibi alivyosema, alianza kusoma. Alisoma yote, taratibu, kutoka kulia kwenda kushoto, kisha akatabasamu na kumshika Mama mkono.

Kwa kuwa hapakuwa na taarabu ya kutazama, watu walitazama mapambo. Wanawake wa mtaa waliwaonyesha wageni: kanga ile ni yangu, ile ya pili kutoka kwenye kisutu. Watoto walivihesabu vishada vyao. Mzee wa Njombe alikuwa amekaa na wanaume barazani, lakini aliitwa ndani mara kadhaa kuelezea singa, na nilimwona akieleza kwa mikono miwili, kifua mbele, yeye ambaye kwa miezi hakuwa na kazi. Jambo moja halikuwa limepangwa. Vishada vyeusi vya mdaa tulivifanya ili kupambanua njano na nyekundu tu. Wageni walipoviona walidhani tumeviweka kwa ajili ya marehemu, na mzee mmoja alitushukuru kwa kulikumbuka taifa siku ya furaha yetu. Bibi alipokea shukrani ile kwa kuinamisha kichwa.

Dada alitolewa jioni baada ya maulidi, ameshikwa na somo yake, shela ya chandarua imefika kiunoni, asumini kwenye nywele, hina na piko hadi viwikoni. Tulikuwa tumekatazwa vigelegele. Mama alijizuia mpaka Dada alipoketi, kisha kimoja kikamponyoka, na watu wote uwani wakanyamaza wakamwangalia. Mama mkwe akajibu kwa cha pili. Havikuzidi hapo.

Nimehudhuria harusi nyingi tangu hapo, na nimekaa kwenye kamati nyingi. Naujua utaratibu wa sasa: kadi za michango, vikao, ukumbi, rangi mbili za familia, viti vilivyovishwa vitambaa na kufungwa utepe, maua ya plastiki yanayoletwa na gari saa nane mchana na kubebwa saa sita usiku kwenda harusi ya kesho. Siwalaumu wanaofanya hivyo. Watu wako kazini, muda ni mdogo, na mpambaji naye ana watoto wa kulisha. Lakini sikubali mtu anaponiambia kwamba asiye na pesa ya mpambaji afunge ndoa bila pambo, au akakope. Nimewaona vijana wakiingia kwenye ndoa na deni la maua ya plastiki. Hilo linaniuma kweli.

Binti wa Dada alipoolewa Dar es Salaam, kamati ilikwisha kulipia ukumbi na kila kitu chake. Niliomba jambo moja: pazia la nyuma ya maharusi liachwe kwetu. Tukakusanya kanga kutoka kwa shangazi, mama wadogo na majirani wa Kinondoni, nikazisoma zote mwenyewe, nikazichuja, tukakaa jioni tatu kupiga bandi. Wasichana waliokuja wakiwa na simu mkononi walianza kwa kulalamika vidole vinauma. Jioni ya mwisho walikuwa wanauliza maswali juu ya bibi zao ambayo sijawahi kuyasikia wakiuliza. Siku ya harusi hakuna aliyepiga picha maua ya ukumbini. Watu walipanga foleni mbele ya kanga, kila mmoja akitafuta ya kwake.

Ya 1984 tuliifumua Jumatatu asubuhi. Uzi ulitoka kwa kuvuta, kama Bibi alivyokusudia. Kila doti ilifuliwa, ikakunjwa, nikairudisha kwa mwenyewe na kipande cha halua juu yake, halua aliyoleta Shangazi. Makuti yalikwenda jikoni. Makopo yaligawiwa kwa waliotoboa. Vishada vya singa vilibaki ndani ya gunia, na mwezi wa Ramadhani ulipokaribia, mkwe wetu alileta barua ya mama yake: bintiye wa mwisho angeolewa Shawwal, je, angeweza kuazimwa vile vishada? Bibi alikubali kwa sharti kwamba Mzee wa Njombe aende navyo, awafundishe wa Pangani kutengeneza vyao, na alipwe nauli na siku zake za kazi. Alikwenda, akakaa huko wiki mbili, na vishada vyetu havikurudi. Vilipitishwa kutoka harusi moja hadi nyingine katika vijiji vya upande ule, vikiongezewa vipya kila vilikopita.